Somo: Kurudisha nguvu za misuli ya sakafu ya nyonga baada ya kujifungua

Wanachama wapendwa, nimeandika somo hili kwa utaratibu kwa sababu swali la «nikikohoa mkojo unanitoka, nifanyeje» limeulizwa humu kila juma, nami kama mtaalamu wa fiziotherapia nimelijibu vipande vipande hadi vipande hivyo vimeanza kupingana katika masikio ya wasomaji. Kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Misuli ninayoizungumzia imetandazwa chini ya nyonga kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, na ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ujauzito huilemea kwa miezi, na mtoto anapopita ukeni huivuta kupita kiasi; kwa hiyo hulegea kama kamba za kitanda kilicholaliwa miaka mingi, isipokuwa kwamba hii, tofauti na kamba, ina uwezo wa kujikaza upya ikifanyishwa kazi. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, na ndiyo maana wakunga wengi huyaita kwa jina lake.

Hatua ya kwanza. Ikiwa ulijifungua bila matatizo na unakojoa kama kawaida, unaweza kuanza taratibu katika siku za mwanzo. Mwenye mpira wa mkojo asubiri utolewe, na aliyechanika hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa aanze kwa maelekezo ya waliomshona.

Hatua ya pili. Kojoa, kisha lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa zimekanyaga godoro.

Hatua ya tatu ni kuipata misuli yenyewe, na hapa ndipo kazi ya wengi inapoharibikia. Jibane kana kwamba unazuia upepo usikutoke mbele za wakwe, kisha, bila kuachia, endeleza mbano huo mbele kana kwamba unazuia mkojo. Ukifanya sawasawa utahisi njia ya haja kubwa ikijifunga na kuinuka kwa ndani kuelekea kinenani. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu na kingine kwenye tako: tumbo la juu lisiwe gumu, matako yasikakamae, mapaja yasisogeleane. Kisha hesabu kwa sauti, kwa kuwa mtu aliyebana pumzi hawezi kuhesabu, na anayebana pumzi huisukuma chini misuli ileile anayodhani anaiinua. Mwenye shaka achukue kioo kidogo atazame msamba wake, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Unapojibana msamba unapaswa kuingia ndani na kupanda. Ukiona unatokeza nje, unasukuma, na ukiendelea hivyo unaongeza tatizo ulilokuja kulitibu, basi acha, pumzika, uanze tena kwa nguvu inayozidi kidogo tu ile ya kukonyeza jicho. Na tafadhali, msifanye mazoezi haya chooni kwa kukatiza mkojo njiani. Kujaribu mara moja ili kuitambua misuli hakudhuru, lakini kulifanya zoea hukiacha kibofu na mabaki ya mkojo.

Hatua ya nne. Bana kwa sekunde tatu au kadiri unavyoweza, achia, pumzika kwa muda uleule, rudia mara nane hadi kumi. Malizia kwa mibano kumi ya haraka. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ukiongeza muda polepole hadi ufikie sekunde kumi. Kuachia nako ni sehemu ya zoezi, wala si mapumziko ya mvivu. Usianze mbano wa pili kabla hujahisi wa kwanza umeshuka wote, kwa sababu misuli isiyolegea kamwe huchoka, huuma, na mwishowe hushindwa kujibana pale inapohitajika.

Hatua ya tano. Jibane kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kumnyanyua mtoto, na uachie baadaye.

Hatua ya sita. Usitoe hukumu kabla ya miezi mitatu. Anayesahau ayafunge mazoezi haya na kunyonyesha: mtoto akishika titi, mama anaanza kuhesabu.

Sasa mambo ya arobaini, maana najua yatakuja. Kumfunga mzazi tumbo kwa kanga si vibaya kama kanga inamshikilia tu; ikikazwa hadi anapumua kwa shida, uzito wote unasukumwa chini kwenye misuli tunayojaribu kuiponya. Maji ya moto ya kukanda yasielekezwe kwenye kidonda cha msamba wala cha upasuaji. Kinachosaidia zaidi ni kutokujikamua chooni, kwa hiyo kunywa maji, kula mboga na papai, na anayetumia choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga.

Ipo hali ambayo mazoezi haya hayaigusi kabisa. Mkojo au kinyesi kinachotoka ukeni chenyewe, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu uliodumu mno, ni dalili ya fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Anayeiona dalili hii aende hospitali bila kungoja arobaini iishe, kwa sababu tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo, na lililobaki hurekebishwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutoa matibabu hayo bila malipo, na kwa ndugu zetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, ipo Hospitali ya Panzi, Bukavu. Homa, damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya navyo ni vya kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kifungua Mimba: Samahani sijasoma yote, ni ndefu. Nifanye mara ngapi kwa siku?

Jibu: Hatua ya nne.

Mama Pacha: Mimi nilipasuliwa. Nadhani hili halinihusu?

Jibu: Linakuhusu, dada. Kisu kilimsaidia mtoto kutoka, lakini ujauzito wa mapacha ulikuwa umeshailemea misuli hiyo kabla ya siku ya upasuaji. Anza baada ya mpira wa mkojo kutolewa na ukishakojoa vizuri. Unapokohoa, shikilia mto mdogo juu ya kidonda.

Baba Mlezi: Mke wangu ana wiki ya tatu. Lini ataweza kubeba tena ndoo ya maji ya lita 20?

Jibu: Ndoo hiyo ina kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Ibebe wewe. Apimwe kliniki katika wiki ya sita, kisha arudie mizigo kidogo kidogo, akianza na nusu ndoo na kujibana kabla ya kuinua.

Mama Wawili: Nimefanya kwa bidii, mamia ya mibano kila siku hata nikiwa jikoni, lakini sasa tendo la ndoa linauma na mkojo bado unavuja. Nakosea wapi?

Jibu: Ahsante kwa kueleza kwa ukamilifu, na usijilaumu. Inawezekana kabisa kwamba misuli yako haijalegea bali imekaza mno, na misuli ya namna hiyo huuma na kuvujisha vilevile. Simamisha mibano. Lala ubavu, vuta pumzi hadi tumbo liinuke, na uiache nyonga ishuke. Fanya hivyo kwa dakika chache asubuhi na jioni. Ukiwa unanyonyesha, fahamu pia kwamba homoni ya estrojeni hupungua na uke huwa mkavu, hivyo mafuta maalumu ya kulainisha yanayochanganyika na maji yatakusaidia. Maumivu yakiendelea, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akupime, kwa kuwa jambo hili haliwezi kupimwa kwa maandishi.

Shoga wa Jirani: Haya yote ya nini wakati shabu ipo? Rafiki yangu alibana kwa siku chache tu.

Jibu: Shabu hukausha na kukunja ngozi ya uke, na ngozi iliyokaushwa hupata michubuko na maambukizi. Misuli iko nyuma ya ngozi hiyo na shabu haiifikii. Rafiki yako aulizwe kama akipiga chafya mkojo bado unamtoka. Ndimu, ugoro na majani vipo katika hukumu hiyohiyo, na sitalijadili tena.

Bibi wa Tanga: Mwanangu, mimi nilimaliza kuzaa zamani, sasa nina wajukuu. Nina kitu kama kinyama kinachotokeza nikichuchumaa muda mrefu. Nimechelewa?

Jibu: Shikamoo bibi. Hujachelewa, misuli hii hujifunza hata uzeeni. Lakini kinyama hicho huenda ni ukuta wa uke au mfuko wa uzazi ulioshuka, kwa hiyo upimwe kwanza. Ukishuka kidogo, mazoezi hupunguza uzito unaouhisi. Ukishuka zaidi, ipo pete maalumu inayowekwa ukeni kuushikilia, na upo upasuaji. Wakati ukingoja siku ya kupimwa, fanya kazi za kuchuchumaa ukiwa umekaa kwenye kibao cha mbuzi au kigoda, na lala kidogo mchana, kwa kuwa uvimbe huo hupungua mtu anapolala.

Mwanafunzi Uuguzi: Kwa nini umesisitiza pumzi kiasi hicho? Mwalimu wetu alituambia tuhesabu tu.

Jibu: Swali zuri. Unapovuta pumzi, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hushuka, nayo sakafu ya nyonga hushuka pamoja nacho. Unapoitoa, vyote hupanda. Ukijibana wakati wa kutoa pumzi unaifuata njia ambayo misuli inaelekea tayari. Mfundishe mzazi akupulizie kiganja taratibu kana kwamba anapoza uji, ajibane katikati ya pumzi hiyo, kisha avute nyingine huku akiachia. Akiwa na maumivu ya mgongo, mlaze ubavu na umwekee mto katikati ya magoti. Akishaweza hapo, mhamishie kwenye kiti, na mwisho asimame.