Kumalizia mfarishi wa viraka uliolala kabatini miaka mingi

Mfarishi, yaani tandiko lenye uso wa viraka, pamba ndani na bitana nyuma, ukiachwa katikati hauendelezwi kwa kukimbilia cherehani. Kitambaa kimekaa kimekunjwa, uzi umezeeka, na aliyeshona mapande ya kwanza (viraka vilivyoungwa kuwa kipande kimoja), hata kama ni wewe mwenyewe, pengine hakushona kwa kipimo unachotumia leo. Anza kwa kupima.

Kunjua kila pande, lipige pasi, kisha pima kutoka mstari wa uzi hadi ukingo wa kitambaa. Kipimo cha kawaida ni milimita 6. Ukikuta mapande ya zamani yameshonwa kwa milimita 7, yaliyobaki nayo yashone kwa 7. Milimita 1 ikizidi kwenye mshono hula milimita 2, kwa sababu kila mshono una kingo mbili. Pande lenye mishono 5 linapungua sentimita 1 nzima. Hapo halikutani na jirani yake mpaka livutwe, na pande lililovutwa hutuna katikati, wala pasi hailitulizi.

Vuta pia mishono michache kwa vidole. Uzi ukikatika, pita tena juu ya mstari uleule. Usifumue pande zima: kufumua kunachakaza kingo, na kitambaa hicho huenda hutakipata tena.

Vitambaa vya mtindo wa zamani huchapishwa kwa matoleo, na toleo likiisha limeisha. Unapotafuta mbadala wa maua madogo ya mtindo wa miaka ya 1930, usiangalie ua, angalia rangi ya chini. Nyeupe tupu ikiwekwa kati ya viraka vya rangi ya maziwa huonekana kutoka mlangoni, ilhali ua lisilofanana halimshtui mtu. Kisha usambaze mbadala huo sehemu tatu au nne. Ukiujaza kwenye kona moja, utaonekana ni kosa.

Kama viraka vya kwanza havikufuliwa kabla ya kukatwa, kipya nacho usikifue, visije vikaruka, yaani kusinyaa, kwa viwango tofauti. Ila rangi za mtindo wa karne ya 19, yaani nyekundu nzito, nili na kahawia, zijaribu kwanza. Lowesha pembe, ifunike kwa kitambaa cheupe, ukandamize kwa pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye cheupe, kitambaa hicho kifuliwe mpaka maji yawe meupe, hata kama vingine havikufuliwa. Kuruka kidogo kunavumilika. Doa jekundu kwenye kiraka cheupe halivumiliki.

Mapande yakishaungana, weka fremu ya pembeni. Hapa ndipo mifarishi mingi huharibika. Watu hukata utepe mrefu, wakaushona ukingoni na kupunguza unaozidi. Ukingo ulioshikwashikwa kwa miaka umeshalegea, nao utepe unaufuata, matokeo yake ni fremu yenye mawimbi. Pima urefu wa mfarishi mahali patatu: katikati, na karibu na kila upande. Chukua wastani, kata tepe mbili za kipimo hicho, bana ncha na katikati kwa pini, kisha ugawe ulegevu kati ya pini hizo. Shona kitambaa kilicholegea kikiwa chini, meno ya cherehani yakimeze.

Bitana na pamba ya ndani vizidi uso (mapande pamoja na fremu) kwa sentimita 10 kila upande. Kwa uso wa sentimita 150 kwa 200, bitana ni 170 kwa 220. Ukiwa na kitambaa cha upana wa sentimita 110, nunua mita 4.4, kata vipande viwili, ondoa kingo ngumu za kiwandani na uviunge kwa mshono wa sentimita 1.2 uliofunguliwa kwa pasi. Tandaza bitana sakafuni upande mbaya ukiwa juu, ibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi bila kuivuta, weka pamba, kisha uso. Pini za usalama ziachane kwa upana wa kiganja. Chini ya viraka vyeupe, kata nyuzi nyeusi zinazoning'inia kabla ya kufunika; zikishafunikwa hazitoki.

Shona tabaka zote kutoka katikati kwenda nje, kwa mishono ya milimita 3 na sindano namba 90. Kama cherehani yako ina mguu unaovuta kitambaa cha juu na cha chini kwa pamoja, ufunge. Umbali kati ya mistari umeandikwa kwenye pakiti ya pamba, uheshimu, maana pamba isiyoshikwa hujikusanya mabonge ikifuliwa. Kwa vitambaa vya namna hii mistari iliyonyooka inatosha, maua yenyewe ni nakshi.

Sasa upapi, yaani utepe wa kufunika ukingo wa mfarishi. Jumla ya pande nne ni sentimita 700. Ongeza 40 za viungo na kona. Tepe 8 za upana wa sentimita 5.5 zinatosha, kwa hiyo nusu mita ya kitambaa cha upana wa 110. Ziunge kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja, kunja kwa urefu, ushone kwa milimita 6 kamili.

Ukifika kwenye kona, simama milimita 6 kabla ya mwisho. Toa mfarishi, kunja upapi kwenda juu upate mkunjo wa mshazari, urudishe chini sawasawa na ukingo, uendelee. Geuza upapi nyuma na umalizie kwa mkono, sindano ikishika bitana na pamba tu, isitokeze usoni. Kufua kwa mara ya kwanza kuwe kwa maji baridi na mengi, na mfarishi utandazwe mara moja kivulini, usiachwe umekunjwa ukiwa mbichi, maana rangi huhama katika mikunjo hiyo.