Kupanga saa za kazi na malipo ya muda wa ziada unapomwajiri dada wa kulea mtoto

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mazungumzo ya kumwajiri dada wa kulea mtoto huanza na mshahara, hupita kwenye nauli ya kumleta kutoka kwao, na huishia hapo. Saa za kazi hazitajwi, kwa kuwa atalala humo humo ndani na kila mtu anadhani zitajipanga zenyewe. Hazijipangi, na miezi miwili baadaye dada anapoaga kwamba kwao kuna msiba, mara nyingi aliyechoka ni yeye wala hakuna aliyefariki. Kwa sababu hiyo nashauri saa zitajwe kwanza na mshahara ufuate, kwa kuwa mshahara usiojulikana ni wa saa ngapi hauwezi kusemwa kuwa ni mzuri au mbaya.

Kwa Tanzania Bara mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Zanzibar ina sheria yake), na wafanyakazi wa majumbani hawakuachwa nje. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki. Muda wa ziada ni wa makubaliano, si wa amri. Hauruhusiwi kuzidi saa 50 katika kila wiki 4, na hata dada mwenyewe akiridhia, makubaliano hayawezi kumfanyisha kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Ili kupata malipo ya saa moja kwa anayelipwa kwa mwezi, zidisha saa zake za kawaida za wiki kwa 4.333, kisha gawanya mshahara wa mwezi kwa jibu hilo. Kwa saa 45 jibu ni 195, hivyo dada anayelipwa shilingi 195,000 ana shilingi 1,000 kwa saa, na saa yake ya ziada ni shilingi 1,500.

Sasa tuchukue nyumba ya kawaida, ambayo baba na mama wote huondoka saa 12 na nusu asubuhi kuiwahi foleni na kurudi saa 12 na nusu jioni. Hizo ni saa 12 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani saa 60 kwa wiki. 15 kati yake ni za ziada, na katika wiki 4 zinafika 60, ambazo tayari zimevuka kikomo cha 50. Suluhisho si gumu kama linavyoonekana, kwa sababu mzazi mmoja akichelewa kutoka kwa nusu saa tu kila siku, ziada inashuka hadi saa mbili na nusu kwa siku, na wiki 4 zinatimiza saa 50 kamili. Hesabu yake ni shilingi 75,000 juu ya mshahara. Wengi wakiiona wanashtuka, lakini kilichowashtua ni gharama halisi ya siku zao wenyewe kazini, ambayo mpaka jana alikuwa akiilipa mtu mwingine. Hesabu hiyo pia inaonyesha kwamba Jumamosi haipo tena: anayefua na kulea Jumamosi kutwa baada ya wiki ya namna hiyo amepitishwa kikomo, hata akilipwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mapumziko ya mchana. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo tayari kwa kazi katika muda huo. Mtazame dada saa 7 mchana: sahani ya wali iko sakafuni, mtoto yuko mapajani akivuta kijiko, na sikio moja liko kwenye chungu cha maharage. Hayo si mapumziko. Mtoto akilala, bado dada hawezi kutoka hata kwenda dukani kununua vocha, kwa kuwa nyumbani hakuna mkubwa mwingine. Kama wazazi wote hamshindi nyumbani, ihesabu saa hiyo kuwa ya kazi. Mfano niliotoa hapo juu umefanya hivyo.

Usiku una hesabu yake. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa inayofanyiwa kazi humo huongezewa angalau asilimia 5. Kama saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 hupigwa kwenye malipo ya ziada, kwa hiyo shilingi 1,500 inakuwa 1,575. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine dada apumzike saa 12 mfululizo, ambazo zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi iwapo anaishi mahali pa kazi. Mtoto anayenyonya au anayeamka mara tatu usiku alale chumbani kwa wazazi. Mkimlaza na dada, mmemwajiri kwa zamu mbili. Na kama dada hajatimiza miaka 18, usimpe kazi ya usiku kabisa, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaikataza.

Kwa wiki anastahili saa 24 mfululizo za mapumziko. Akifanya kazi siku hiyo, au siku ya sikukuu, kila saa hulipwa maradufu. Ni vyema siku hiyo aruhusiwe kutoka, kwa sababu anayebaki sebuleni ataitwa tu. Mimi mwenyewe niliwahi kujisikia nikisema, "Dada, samahani, nishikie mtoto kidogo," Jumapili saa 3 asubuhi, na ile kidogo ikaisha saa 8 mchana.

Tangu hapo tuna daftari lililofungwa kamba kwenye msumari karibu na jiko. Dada anaandika mwenyewe saa ya kuanza na ya kumaliza, nami natia saini kila Jumamosi jioni. Mstari mmoja wa mwezi uliopita unasomeka: "Alhamisi usiku, saa 8 hadi saa 9 na nusu, mtoto homa." Mwisho wa mwezi tunajumlisha pamoja, yeye akiwa na simu yake na mimi yangu, kabla fedha haijatumwa. Saa na viwango hivyo viandikwe pia kwenye mkataba wa Kiswahili, nakala moja ibaki kwake, kwa kuwa mgogoro wa malipo ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako hupelekwa ndani ya siku 60, mwajiri ndiye atakayeulizwa kumbukumbu.