Jinsi ya Kufuatilia Hali ya Hewa Kabla ya Roketi Yenye Wanaanga Kurushwa

Mwongozo huu umetokana na maelezo niliyompa rafiki aliyetaka kujua kwa nini roketi huahirishwa ilhali jua linawaka juu ya jukwaa lake. Watu wengi hutafuta mvua jukwaani, lakini mara nyingi kinachoamua ni umeme uliomo ndani ya mawingu yasiyodondosha hata tone, au mawimbi ya bahari iliyo mbali sana na mahali roketi iliposimama. Nitazungumzia safari za chombo cha Crew Dragon kinachobebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka Florida, Marekani, kwa kuwa kanuni zake za hali ya hewa zimetangazwa hadharani na takwimu zinazohitajika hupatikana bila malipo.

Hatua ya 1: Fahamu saa, na kama kuna nafasi ya kusubiri

Andika saa ya kurushwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, maana picha za setilaiti, vipimo vya maputo ya hali ya hewa na ripoti za viwanja vya ndege vyote hufuata saa hiyo. Kisha kumbuka kwamba safari ya kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupewa dakika moja tu kwa siku, yaani pale jukwaa linapopita chini ya njia ya kituo hicho. Wingu likichelewa kuondoka kwa dakika kumi, siku hiyo imekwisha.

Hatua ya 2: Soma utabiri rasmi kwa makini

Skwadroni ya 45 ya Hali ya Hewa, iliyo chini ya Kikosi cha Anga za Juu cha Marekani, hutoa utabiri siku kadhaa kabla ya roketi kurushwa. Asilimia inayoonekana humo ni uwezekano wa kanuni za hali ya hewa kuvunjwa, kwa hiyo namba ndogo ndiyo habari njema. Vyombo vya habari mara nyingi huigeuza na kutangaza uwezekano wa hali kuwa nzuri. Hakikisha unajua umesoma ipi.

Asilimia hiyo inahusu mazingira ya jukwaa na mwanzo wa njia ya roketi. Upepo wa tabaka za juu huorodheshwa kando, kama hatari ndogo, ya wastani au kubwa, na bahari ambako wanaanga wangeangukia wakilazimika kujiokoa haimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana safari yenye utabiri mzuri sana inaweza kuahirishwa.

Hatua ya 3: Pima mawingu, si mvua

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na hapa ndipo ninapokusihi usiharakishe.

Roketi inayopaa, pamoja na mkia mrefu wa gesi za moto unaoifuata, hupitisha umeme. Ikiingia katika wingu lenye uga mkubwa wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyotanda hewani, inaweza kuanzisha radi ambayo wingu lenyewe lisingeitoa. Apollo 12, safari ya kwenda mwezini, iliporushwa tarehe 14 Novemba 1969, ilipigwa mara mbili, katika sekunde ya 36.5 na tena katika sekunde ya 52, na mitambo yake ya umeme ikavurugika wanaanga watatu wakiwa ndani. Tarehe 26 Machi 1987, roketi ya Atlas-Centaur isiyo na watu ilipigwa vivyo hivyo, kompyuta yake ya uelekezi ikaharibiwa kumbukumbu, na roketi ikapotea. Kanuni za leo zimejengwa juu ya matukio hayo, na kila moja inajibu swali moja: je, wingu hili linaweza kuwa na chaji ya umeme?

Chaji hujikusanya zaidi pale ambapo barafu na matone ya maji yaliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi bila kuganda hugongana. Kwa hiyo anza na vimo vya joto. Tafuta vipimo vya puto la Cape Canaveral, kituo namba 74794, katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Wyoming, kisha uandike kimo cha nyuzi 0, cha nyuzi 10 chini ya sifuri na cha nyuzi 20 chini ya sifuri. Vipimo hivyo vitatu vina thamani kuliko programu zote za hali ya hewa zilizomo kwenye simu yako, ambazo sizipendekezi hata kidogo kwa kazi hii. Katika kiangazi cha Florida, nyuzi 0 huwa karibu na kilomita nne na nusu kutoka usawa wa bahari. Baada ya baridi ya majira ya kipupwe kuingia, hushuka.

Sasa fungua picha za setilaiti ya GOES-19, iliyochukua nafasi ya GOES-16 upande wa mashariki mwaka 2025, na uchague mkanda wa 13 wa miale ya infraredi, unaoonyesha joto la vilele vya mawingu. Wingu la mlundo, lile linalorundikana kwenda juu, ambalo kilele chake kimefika nyuzi 20 chini ya sifuri linatakiwa kuwa umbali wa zaidi ya maili 10 za baharini, yaani kama kilomita 18.5, kutoka njia ya roketi. Likifika nyuzi 10 chini ya sifuri, umbali ni maili 5 za baharini. Tabaka la mawingu lenye unene wa futi 4,500 (takriban mita 1,370) au zaidi, ambalo sehemu yake imo katika ukanda wa kuganda, yaani kati ya nyuzi 0 na nyuzi 20 chini ya sifuri, halipitwi katikati hata kama limetulia na halina mvua. Upo pia ukomo wa uga wa umeme unaopimwa ardhini na vifaa zaidi ya 30 vilivyotawanywa kuzunguka majukwaa: ukivuka volti 1,500 kwa mita, au 1,000 katika hali fulani, ndani ya maili 5, lazima zipite dakika 15 za utulivu.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi, lakini yana mitego. Setilaiti huona kilele tu, haioni kitako cha wingu, hivyo unene huwezi kuupata kwa picha pekee. Rudi kwenye vipimo vya puto na utazame ni wapi mstari wa joto na mstari wa kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kuwa matone) inakaribiana, kwani hapo ndipo penye wingu. Usitegemee ripoti ya uwanja wa ndege kuthibitisha kwamba hakuna mawingu ya juu, kwa sababu vipimaji vya kujiendesha vya viwanja vingi vya Marekani havioni zaidi ya futi 12,000. Puto nalo huonyesha hewa ya saa kadhaa zilizopita, na upepo wa baharini unaoingia nchi kavu mchana unaweza kuibadilisha kabisa kabla hujamaliza kusoma. Aidha, wingu jembamba la juu huruhusu joto la chini lipenye, kwa hiyo katika picha huonekana lenye joto kuliko lilivyo, na msomaji hulidhania liko chini wakati liko juu sana.

Mtego mkubwa zaidi ni wingu la fuawe, yaani ile sehemu bapa ya barafu inayotandaa kutoka kilele cha dhoruba. Dhoruba inaweza kuwa upande wa pili wa rasi ya Florida, na upepo wa juu ukaivuta fuawe yake hadi juu ya jukwaa ambako ardhini hakuna dalili yoyote. Fuawe hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kukatika kutoka kwa dhoruba iliyoizaa, kwa hiyo rudisha picha nyuma saa kadhaa uone ilitoka wapi na ilikatika lini. Rada ya Melbourne, Florida, ni nzuri kwa mvua, lakini barafu nyembamba huikosa kwa urahisi. Ndiyo sababu huwa naifungua baada ya setilaiti, kamwe si kabla.

Hatimaye, kumbuka kwamba GOES-19 iko juu ya ikweta. Kilele kirefu kilicho juu ya Florida huonekana kimesogea kilomita kadhaa kaskazini mwa mahali pake halisi, na pale ambapo kanuni inadai maili 5, kilomita hizo zinatosha kukupa jibu lisilo sahihi.

Hatua ya 4: Upepo

Upepo wa jukwaani, kwenye kimo cha futi 162, haupaswi kuzidi maili 30 kwa saa (kilomita 48). Upepo wa juu huamuliwa na wahandisi kwa kulinganisha vipimo vya puto na uwezo wa roketi, na aliye nje hawezi kufanya hesabu hiyo. Tazama tu kama kasi au mwelekeo unabadilika ghafla katika tabaka jembamba.

Hatua ya 5: Fuata njia ya roketi hadi ng'ambo ya bahari

Hatua hii inaihusu safari yenye watu peke yake. Dragon inaweza kujing'oa kutoka kwenye roketi wakati wowote wa kupaa na kushuka kwa miavuli baharini, kwa hiyo upepo, mawimbi, radi na mvua hukaguliwa katika sehemu zaidi ya 50, kufuata pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini na kuvuka Atlantiki ya Kaskazini. Anza na boya namba 41009 lililo mashariki mwa Cape Canaveral, kisha uelekee kaskazini kwa maboya mengine na ramani za mawimbi. Safari ya Crew-2 ilisogezwa siku moja, hadi tarehe 23 Aprili 2021, kwa sababu ya hali ya njia hiyo.

Kwa safari isiyokwenda kwenye kituo, kagua pia bahari ya siku ya kurudi. Polaris Dawn, safari ya Dragon isiyokwenda kwenye kituo, ilisubiri hadi tarehe 10 Septemba 2024 kwa sababu chombo chake hakikuwa na mahali pa kungojea angani iwapo eneo la kutua lingechafuka.

Hatua ya 6: Saa ya mwisho

Mafuta ya Falcon 9 huanza kujazwa dakika 35 kabla, wanaanga wakiwa tayari ndani. Kuanzia hapo hesabu ni rahisi: radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, kwa kawaida zinahitajika dakika 30 za kusubiri, hivyo radi ya dakika ya 25 kabla ya kurushwa karibu kila mara humaliza kazi ya siku. Tarehe 27 Mei 2020, safari ya wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley ndani ya Crew Dragon ilisimamishwa zikiwa zimebaki karibu dakika 17, kwa hofu ya roketi kuanzisha radi.

Safari ya kituo ikiahirishwa, nafasi ya siku inayofuata huja takriban dakika 20 hadi 25 mapema, ingawa si kila siku inafaa. Behnken na Hurley waliondoka tarehe 30 Mei, zaidi ya saa moja mapema kuliko ile saa ya awali. Kwa hiyo usitumie tena vimo vya joto ulivyoandika jana. Chukua vipimo vipya vya puto na uanze upya kutoka Hatua ya 3.