Marudiano na kompyuta: masharti ya kuweka kabla bingwa hajakubali

Bingwa wa sataranji akiombwa marudiano na kompyuta, asijibu siku hiyohiyo. Kwanza adai masharti kwa maandishi. Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliishinda kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue 4–2 huko Philadelphia mwaka 1996. Waliporudiana New York, Mei 1997, alipoteza 3.5–2.5. Mashine ilikuwa imeboreshwa, ikikagua hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde, na wahandisi waliruhusiwa kuirekebisha baada ya kila mchezo. Kasparov alipotaka mechi ya tatu, IBM ilikataa na mashine ikastaafishwa.

Siku hizi hakuna tena ubishi kuhusu nani ana nguvu. Stockfish, programu ya kucheza sataranji, inapatikana bure, na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida inamzidi binadamu yeyote. Kwa hiyo bingwa wa Tabora akitakiwa kucheza nayo sawa kwa sawa, akatae, kwa kuwa mechi hiyo haipimi kitu. Akubali pale tu kompyuta inapomwachia kete, yaani inapoanza mchezo ikiwa imepungukiwa kete.

Waandaaji wengi hukimbilia kushusha kiwango cha programu (Stockfish ina ngazi 0 hadi 20). Hilo si zuri. Ikishushwa, injini (yaani programu yenyewe) hucheza kama bingwa wa dunia kwa hatua kumi, kisha inachagua kwa makusudi hatua mbovu na kupoteza kete bila sababu. Mtu hajifunzi lolote, na watazamaji huhisi wamedanganywa. Afadhali icheze kwa nguvu zake zote ikiwa na kete nyeupe, bila farasi wa mraba b1, yule wa upande wa malkia. Unapopanga ubao kwenye programu, hakikisha alama za ruhusa ya kujihifadhi kwa mfalme na ngome, KQkq, zimebaki. Zikifutika, kompyuta haitaweza kujihifadhi, na ubishi utaanzia hapo.

Kabla ya kusaini, bingwa acheze michezo 8 ya majaribio kwa masharti yaleyale. Akipata chini ya pointi 2 (ushindi ni pointi 1, sare nusu), aachiwe ngome badala ya farasi. Akivuka 6, aachiwe askari wawili tu. Kukiwa na toleo la Leela, programu nyingine ya sataranji, lililofunzwa mahsusi kucheza bila farasi, majaribio yafanyike nalo hilohilo, maana hutega mitego kwa ustadi kuliko Stockfish.

Sehemu inayoharibu mechi nyingi ni muda wa kompyuta. Ukiipa dakika, nguvu yake hutegemea hali ya mashine. Septemba na Oktoba, Tabora ikiwa na joto kali, kompyuta mpakato hupata moto na kujipunguzia kasi. Umeme ukikatika, nyingi huhamia kwenye hali ya kubana betri na kudhoofika zaidi. Dawa yake ni kuipa idadi maalumu ya hali za ubao kwa kila hatua, tuseme 1,000,000. Iwe na joto au isiwe nalo, itacheza vilevile, na hatua moja huchukua sekunde chache. Lakini dawa hiyo inaleta shida nyingine: ikitumia uzi mmoja wa prosesa (mkondo mmoja tu wa hesabu) na kumbukumbu yake ya muda ikafutwa kabla ya kila mchezo, injini hurudia hatua zilezile. Bingwa akishinda mara moja anaweza kukariri mchezo mzima na kuurudia. Kwa hiyo andika kwamba mchezo hauhesabiwi ukirudia uliopita zaidi ya hatua 10, au hatua mbili za mwanzo za kila upande zichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu.

Masharti mengine ni mafupi. Toleo la programu lisiguswe hadi mechi iishe. Kompyuta isifikiri wakati wa zamu ya mtu. Michezo iwe 4, mmoja kwa siku, Jumamosi na Jumapili mbili. Bingwa apewe dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 kwa hatua. Mchezo wa hatua 60 utamgharimu dakika 90 asizidi. Faili ambamo injini huandika hatua na hesabu zake lihifadhiwe na kukabidhiwa pande zote mbili jioni ileile.

Mtu wa kusogezea kompyuta kete asijue kucheza vizuri, na asitazame alama za tathmini kwenye skrini. Uso wake huzungumza. Akikosea kuingiza hatua, saa isimame na ubao urudishwe. Watazamaji wakae mbali: tabia ya kijiwe cha drafti, ya kuitaja hatua kwa sauti, haina nafasi hapa.

Bingwa naye abadilishane kete mapema, maana faida ya farasi huongezeka ubao unapopungua. Kabla ya kila hatua aangalie kama mfalme wake anaweza kufungwa kwa hatua moja. Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alipitwa na hilo dhidi ya programu ya Deep Fritz huko Bonn, Ujerumani, mwaka 2006. Na asikubali kushindwa haraka. Katika mchezo wa pili wa 1997 Kasparov alijitoa, kisha wachambuzi wakaonyesha kwamba bado alikuwa na njia ya kupigania sare. Akiona amezidiwa, atumie angalau dakika 10 kutafuta namna ya kumshambulia mfalme wa kompyuta mfululizo bila kikomo ili apate sare; akikosa, ndipo anyooshe mkono.