Namna ya kuipiga hesabu ya 270 kwa penseli

Kwetu Kenya mgombea hutafuta nusu ya kura na moja juu, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24. Ukija Marekani hesabu hiyo iache uwanja wa ndege. Huku kinachotafutwa ni kura za wajumbe, kila jimbo na idadi yake, zote 538, na wa kwanza kufika 270 ndiye rais.

Nichukue 2024 iwe mfano. Andika kwanza majimbo yasiyo na ubishi: Harris 225, Trump 219. California ina 54, na karibu kila jimbo humpa mshindi kura zake zote, kwa hiyo ushinde kwa kura moja au kwa milioni tatu, ni 54 zilezile. Mgombea hupelekwa huko kuchangisha pesa, basi.

Sasa shika majimbo saba ya ubishi, jumla kura 93. Njia ya Harris: Pennsylvania 19, Michigan 15, Wisconsin 10. Jumlisha. Umepata 269!

Ile moja iliyopungua ilikuwa mtaani kwetu, Omaha. Nebraska na Maine hugawa baadhi ya kura zao kwa wilaya za bunge, na wilaya yetu ina yake. Msimu ule nyua zilijaa mabango meupe yenye duara la buluu tu, rangi ya chama cha Harris, bila jina la mtu. Jumamosi moja wapiga kampeni walinigongea mlango mara tatu chapati zikiwa motoni. Ya pili iliungua. Lakini niliwaelewa: wagombea wakifungana 269 kwa 269, Baraza la Wawakilishi ndilo huamua, kila jimbo kura moja, Wyoming yenye watu wachache sawa na California.

Njia ya Trump: 219, ongeza Pennsylvania, Georgia 16 na North Carolina 16. Ni 270 kamili. Pennsylvania imo katika njia zote mbili, na hapo ndipo pesa za matangazo zilipomiminwa. Mwishowe Trump aliyachukua yote saba.

Usiliweke jimbo kwenye kapu lako kwa mazoea. Hillary Clinton, 2016, aliwazidi wote nchini kwa kura karibu milioni 2.9, akaangushwa na Pennsylvania, Michigan na Wisconsin kwa tofauti isiyofika 78,000 zikijumlishwa. Wisconsin hakukanyaga tangu ateuliwe rasmi na chama.

Na penseli nina sababu nayo. Kila baada ya sensa kura hugawanywa upya. Pennsylvania ilikuwa na 20 mwaka 2020.