Treni ya mizigo njia ya Tanga: namna ya kujua inapita lini uwahi kuipiga picha

Treni ya mizigo haina ratiba ya kubandikwa ukutani. Huondoka mabehewa yakishapakiwa, kichwa (injini ya kuyavuta) kikipatikana, na dereva akiwa zamu. Kwa hiyo ukiuliza stesheni "inapita saa ngapi?" utapewa saa yoyote ili uridhike uende zako. Uliza kitu ambacho mtu anakijua kwa hakika: "Shikamoo mzee, treni imeshaachiwa Korogwe?" au "Mabehewa yameshamaliza kupakiwa?" Hapo utapata jibu la kufanyia hesabu.

Kwanza ijue njia yenyewe. Reli hii iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ni ya njia moja, upana wa mita moja, na treni hupishana stesheni tu. Kati ya Tanga na Muheza utaona kile kinachokuja Tanga au kutoka Tanga, basi. Tawi lililojengwa mwaka 1963 kutoka Ruvu huungana na njia hii maeneo ya Mnyusi, kwa hiyo kuanzia Korogwe kwenda Mombo na Same kuna treni za Tanga na za Dar es Salaam, ikiwemo ya abiria ya Dar es Salaam–Arusha siku inapofanya safari. Hiyo ya abiria ina ratiba, na ratiba yake ni msaada mkubwa: reli ikiwa moja, treni ya mizigo lazima iwe imejificha stesheni fulani wakati ile inapita. Ukiona mabehewa ya mizigo yamesimama kwenye njia ya kupishania na kichwa kinanguruma, usiondoke. Kuna treni inakuja upande wa pili, na hii itatoka baada yake.

Chanzo cha habari cha mapema kuliko vyote ni pale mzigo unapopakiwa. Saruji hupakiwa Pongwe, na kutoka barabara kuu ya Tanga–Segera unaweza kufuatilia bila kuingia eneo la mtu. Angalia mabehewa kwa siku mbili tatu: yaliyo wazi milango, yaliyofungwa na kutiwa lakiri, na kama kuna kichwa. Mabehewa yaliyofungwa bila kichwa maana yake ni kusubiri, pengine mpaka kesho. Kichwa kikija peke yake na kuanza kuyapanga, safari iko karibu. Wapakiaji wanajua zaidi ya wote, maana wao hulipwa kazi ikiisha. Mama lishe wa stesheni naye anajua, kwa sababu chakula cha wafanyakazi wa treni huagizwa kabla hawajafika.

Mafundi wa njia pia. Genge la reli likiwa limetawanyika na nyundo na mitalimbo juu ya mataruma, hakuna treni karibuni. Likikusanya vyombo na kukaa pembeni kivulini, washa kamera.

Ukifika alfajiri na hujui kama treni imepita usiku, chuchumaa kwenye makutano ya barabara uangalie uso wa reli. Pwani yetu ina umande mzito. Reli ambayo haijapitiwa huwa imelowa yote, matone madogo yamejipanga hadi ukingoni, na ukisogea utaona utando mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa, hasa baada ya mvua ya usiku. Ikipita treni, hubaki mstari mkavu unaong'aa, upana wa vidole viwili vitatu, na umande unabaki pembeni tu. Angalia reli zote mbili. Lakini kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, nacho hufuta umande, ila ni chepesi na alama yake huwa hafifu, yenye mabaka. Baada ya mvua kubwa kiberenge mara nyingi hutangulia kukagua tuta, kwa hiyo kukiona si hasara. Treni huweza kufuata.

Kosa linalowapotezea watu treni nyingi kuliko yote ni saa. Karatasi za reli huandikwa kwa saa 24, mdomoni tunasema saa zetu. "Saa kumi" ya mtu aliyesoma karatasi inaweza kuwa 10:00, yaani saa nne asubuhi. Na 01:30 ya Jumatano, kwa wengi wetu bado ni usiku wa Jumanne, huku mwingine akiuita usiku wa kuamkia Jumatano. Rudia kila saa uliyoambiwa kwa maneno yako: asubuhi au usiku, wa siku gani.

Ukishajua treni imetoka stesheni fulani, piga hesabu. Kilomita 20 kwa mwendo wa 40 kwa saa ni nusu saa. Ikiwa imeelemewa na inakwenda 25, ni dakika 48. Fika mapema kwa ile hesabu ya haraka, na usubiri hata ile ya polepole ipite mara mbili kabla ya kukata tamaa.

Mahali pa kusimama huamuliwa na jua. Korogwe hadi Mombo milima ya Usambara iko mashariki ya reli, kwa hiyo asubuhi unapiga dhidi ya jua na milima hutoka kivuli kitupu. Nenda alasiri, kuanzia saa tisa na nusu, simama magharibi ya reli. Treni inayopanda kwenda Same itakuwa na mwanga usoni. Inayoteremka kwenda Tanga uso wake hupata jua asubuhi, na hiyo isubiri kati ya Muheza na Tanga, kwenye mashamba ya mkonge Ngomeni. Aprili hadi Agosti jua la mchana liko kaskazini, Novemba hadi Februari liko kusini. Simama upande huohuo. Kasi ya kamera ya sekunde 1/500 inatosha kuizuia isitoke ukungu.

Usitembee juu ya reli wala usiingie hifadhi yake bila ruhusa ya Shirika la Reli. Bandarini usitoe kamera kabisa mpaka uwe na kibali mkononi, na droni nayo ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kijijini pitia kwanza kwa mwenyekiti. Mgeni mwenye lenzi ndefu huulizwa, na treni haitakusubiri umalize kujieleza.

Kila ukitoka, andika daftarini: tarehe, mahali, saa, inaelekea wapi, namba ya kichwa, idadi ya mabehewa, imebeba au tupu. Mabehewa matupu yaliyorudi Tanga leo ndiyo yatakayopakiwa tena, na ukishapata safari tano sita zilizoandikwa utaona huchukua siku ngapi kutoka tena. Andika pia siku uliyokaa kutwa bila kuona kitu, na kama mvua ilinyesha; hizo ndizo zitakazokuonyesha masika yanavyovuruga hesabu.