Kikomo cha ada ya tiketi: piga hesabu kwanza, kompyuta baadaye

Programu nyingi za kuuza tiketi hukata ada kwa namna mbili kwa pamoja: asilimia ya bei, na kiasi kisichobadilika. Ukumbini ninakokatisha tiketi, hapa Mwanga, Kigoma, tunatoza asilimia 5 na shilingi 200 juu yake. Tiketi ya mzunguko ya 5,000 inakatwa 450 na hakuna anayegeuka. VIP ya 50,000 inakatwa 2,700, na hapo ndipo mtu anaegemea dirisha: "Dada, yangu mnaichapa kwa dhahabu?" Ana haki ya kuuliza. Karatasi ni ileile, na getini inaskaniwa kwa simu ileile. Ndiyo maana tunaweka kikomo.

Chukua kalamu kabla hujagusa kompyuta. Tuseme unataka ada isizidi 2,000. Toa ile 200, inabaki 1,800. Igawe kwa asilimia 5, yaani zidisha kwa 20, unapata 36,000. Tiketi ya chini ya bei hiyo kikomo hakiigusi kabisa. Ya juu yake, hata iwe laki, inalipa 2,000 tu. Bosi akisema weka 5,000, fanya hesabu hiyohiyo: itaanza kufanya kazi kwenye tiketi ya 96,000. Kama huna tiketi ya bei hiyo, umeweka pambo.

Sasa fungua mipangilio ya ada, kwa akaunti ya msimamizi. Kwenye kisanduku cha kikomo kwa kila tiketi andika 2000, bila koma wala Tsh. Soma vizuri jina la kisanduku, maana kikomo cha oda nzima ni kitu kingine. Ukitaka kuondoa kikomo siku nyingine, kifute kisanduku kiwe kitupu; usiandike sifuri mpaka umejaribu, kwa sababu sifuri inaweza kusomeka kuwa ada imefutwa.

Penye mtego ni meza. Wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi wakija kwenye taarabu hawanunui kiti, wanachukua meza ya watu kumi, 300,000. Ukiiingiza kama tiketi kumi za 30,000, kila moja inakatwa 1,700, zote ziko chini ya kikomo, na meza inalipa 17,000. Ukiiingiza kama tiketi moja yenye viti kumi, inalipa 2,000. Pesa ya meza ni moja, ada mbalimbali! Mimi naiingiza kama tiketi moja, kisha naagiza programu itoe kadi kumi za kuingilia. Kama programu yako haiwezi hilo, tumia kikomo cha oda kwa meza peke yake.

Ukishahifadhi, jiuzie tiketi za majaribio: ya 5,000, ya 36,000 na ya 50,000. Zisome 450, 2,000 na 2,000. Ya mwisho ikitoka 2,200, programu inabana asilimia peke yake halafu inaongeza ile 200. Shusha kikomo kiwe 1,800. Ikitoka 2,360, kuna VAT ya asilimia 18 iliyopandishwa juu ya kikomo, na hiyo kazungumze na mhasibu kabla hujabadili chochote. Futa majaribio yote, yasije yakahesabiwa kwenye mauzo.

Mwenye tiketi ya bei ndogo kikomo hakimsaidii. Onyesho la watoto la 2,000 linakatwa 300, na humo 200 ni kile kiasi kisichobadilika. Kwa tiketi hizo mimi nafungua aina yake ya ada, asilimia tu, ibaki 100. Kikomo kiache kwa wenye VIP.

Makato ya kulipa kwa simu hayamo humu. Ni ya mtandao wa mteja, na kikomo chako hakiyashushi hata senti. Mwambie mapema, asije akadhani dirisha limemdanganya.

Badilisha kikomo kabla mauzo hayajafunguliwa. Kama yameshaanza, chapa kwanza orodha ya waliokwisha kulipa pamoja na ada ya kila mmoja. Shoo ikiahirishwa, aliyekatwa 2,700 atataka 2,700 yake, na programu isiyotunza ada ya zamani itakuonyesha 2,000.